Sura ya Nne: Meno Hayana Tarehe

Kadi aliyokuja nayo mbwa wetu mpya iliandikwa kwa kalamu ya bluu: jina, Simba, jinsia, jike, rangi, kahawia, umri, miaka miwili. Jinsia na rangi havikuwa na ubishi. Jina hakuliitikia hata tulipomwita na kipande cha utumbo mkononi, na ile miaka miwili haikumaliza wiki.

Siku ya nne alikuja babu wa jirani kumwona mgeni. Babu huyu amefanya biashara ya mbuzi kati ya Moshi na Arusha tangu mimi sijaanza shule, na kadi za mbwa hazimhusu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yameshatua kwa mbwa. Akachuchumaa, akamshika taya kwa mkono wa kushoto, akainua mdomo wa juu kwa dole gumba, akachungulia kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondokea chini ya kabati. Mbwa akamwacha. Mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaruhusiwa kumgusa uso.

"Mjukuu wangu, huyu mdomo umejaa siku nyingi," alisema akijipangusa mkono kwenye suruali. "Miaka minne, na inasonga. Nani kakwambia miwili?"

Nikamwonyesha kadi. Hakuipokea.

Jioni ile mwanangu alimpa mbwa jina jipya, Tuone, kwa sababu ndilo jibu tulilokuwa tukiwapa wote waliotuuliza habari zake. Nami nikaanza kusoma, na katika kusoma ndipo nilipogundua kwamba babu alikuwa amemsoma mbwa kwa kalenda ya mbuzi.

Mbuzi ana kalenda nzuri mdomoni. Juu hana meno ya mbele kabisa. Chini anayo manane, na hayo huyabadilisha jozi kwa jozi. Jozi ya kwanza ya meno makubwa huota akiwa na mwaka na miezi kadhaa, ya pili karibu na miaka miwili, ya tatu karibu na mitatu, ya nne akikaribia minne. Ndiyo maana mnadani ni nadra kusikia mtu akiuliza mbuzi ana miaka mingapi. Anauliza ana meno mangapi. Anayenunua mnyama wa Idi ya Kuchinja, ambaye sharia inamtaka awe ametimiza umri, hufungua mdomo wa mbuzi kabla ya kufungua pochi yake. Mbuzi aliyejaa mdomo ana miaka minne, na hapo babu hakukosea hata kidogo, isipokuwa mnyama aliyemshika taya siku ile hakuwa mbuzi.

Mbwa hana subira hiyo. Shughuli yote ya meno huimaliza kabla ya kutimiza miezi minane. Huzaliwa kibogoyo na macho yamefumba. Macho hufunguka kati ya siku ya kumi na ya kumi na nne, masikio yakafuata baadaye kidogo. Kwenye wiki ya tatu au ya nne meno ya utoto huanza kuchomoza, na ifikapo wiki ya nane au zaidi kidogo yapo yote 28, membamba na makali kama sindano, jambo ambalo kila aliyewahi kupita na sketi ndefu mbele ya kitoto cha mbwa hahitaji kusimuliwa. Katika mwezi wa tatu au wa nne meno ya mbele ya utoto huanza kung'oka na ya ukubwani hushika nafasi. Chonge hufuata kwenye mwezi wa tano na wa sita. Magego ya nyuma, ambayo hayakuwa na mtangulizi utotoni, hufunga kazi kwenye mwezi wa sita au wa saba. Jumla 42: juu 20, chini 22.

Kwa hiyo aliyeokota kitoto cha mbwa ana bahati. Anaweza kukisia umri wake kwa wiki, na akikosea hakosei sana. Akikuta pengo mbele na meno mawili mapana yanachungulia kwenye ufizi, huyo ana miezi mitatu na ushei. Akikuta chonge mbili zimesimama bega kwa bega upande mmoja, moja nyembamba ya utoto na nyingine nene inayoingia, huyo anakaribia nusu mwaka. (Kwa mbwa wa aina ndogo ile nyembamba wakati mwingine hugoma kutoka, ikabidi daktari aing'oe.) Wapo waliookota meno hayo zuliani. Wengi hawayaoni kamwe, kwa sababu mbwa huyameza pamoja na chakula.

Baada ya hapo kalenda hufungwa. Mdomo uliojaa wa mbwa unasema jambo moja tu, kwamba mwenye mdomo amevuka miezi saba. Anaweza kuwa na mwaka mmoja, anaweza kuwa na kumi na mmoja. Kuanzia siku hiyo kinachoendelea mdomoni si kuota tena, ni kulika na kuchafuka, na hayo mawili hayaendi kwa miaka bali kwa maisha aliyoyaishi mbwa. Anayetazama meno ya mbwa mzima anatazama alichokula, alichotafuna, alikofungwa na maradhi aliyopona. Umri umo humo ndani, lakini umechanganyika kama chumvi kwenye mchuzi. Unajua ipo, kuitoa ndiyo kazi.

Hata hivyo watu wamejaribu kuitoa. Jino la mbele la mbwa kijana, ukilitazama kwa karibu, lina vilele vitatu: kimoja kirefu katikati na viwili vifupi ubavuni. Sisi wa huku hatuhitaji mchoro. Ni Kibo kati ya Shira na Mawenzi. Vitabu vya udaktari wa mifugo vina ratiba ya jinsi vilele hivyo vinavyosawazika. Meno mawili ya katikati ya chini huanza, mbwa akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Jozi ya pembeni yake hufuata kwenye miwili na nusu, kisha yale ya katikati ya juu kwenye mitatu na nusu, hivyo hivyo mpaka mbele kote kuwe tambarare kwenye miaka sita au zaidi.

Ni ratiba nzuri ya kubandika ukutani. Tatizo lake inadhani mbwa wote wanakula sahani moja. Mbwa wa kijijini aliyekuzwa kwa mifupa ya bucha anaweza kuzimaliza Shira na Mawenzi kabla ya mwaka wa pili. Mbwa wa kupenda kuokota mawe, na wapo wenye ugonjwa huo, hulika haraka kuliko wote. Mpira wa tenisi, ambao watu huuona mchezo salama, una manyoya yanayoshika mchanga na kugeuka msasa laini. Baada ya miaka kadhaa ya kuubeba, meno ya mbwa huwa kama yamepitishwa kwa fundi. Upande wa pili yuko yule wa geti kubwa, anayekula wali na dagaa waliolainishwa, haruhusiwi hata mfupa wa kuku, na akifika miaka mitano vilele vyake bado vinang'aa. Waweke hawa wawili mezani, wa mifupa na wa dagaa, uwaulize watu kumi nani mkubwa. Utapata majibu kumi, na yote yatakuwa ya uongo.

Wiki ya pili nilimpeleka Tuone kwa daktari wa mifugo, kijana mwenye kliniki ya vyumba viwili na meza ya bati iliyobonyea katikati kwa uzito wa miaka. Nilitarajia aanze na meno ya mbele kama babu. Hakufanya hivyo. Aliwasha tochi ya simu, akaniambia, "Dada, mshike kichwa, usimkabe," kisha akapitisha kidole chake kidogo nyuma ya chonge ya juu, taratibu, kama anayepapasa upindo wa nguo.

"Weka kidole hapa," akasema.

Nikaweka. Kwa mbele chonge ile ilikuwa nzima, nyeupe, ncha yake inatisha. Kwa nyuma ilikuwa imechongwa. Palikuwa na mteremko uliolainika, kama mahali ambapo mpini wa jembe umeshikwa kwa misimu mingi. Akanipeleka kwenye chonge ya pili, ya tatu, ya nne. Zote nne zilikuwa hivyo hivyo, na zote upande wa nyuma tu.

"Huyu alikuwa anatafuna chuma. Waya wa banda au mnyororo. Akitafuna mfupa, ncha ndiyo inayolika. Akiuma waya na kuvuta, mgongo wa chonge ndio unaolika."

"Kwa muda gani, dokta?"

"Hilo, dada, kamuulize aliyemfunga."

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tuone kamba yake alikuja nayo mdomoni, na ile kadi ya kalamu ya bluu haikuitaja.

Daktari aliendelea. Alinionyesha kwamba meno ya mbele yamesawazika ila akaniasa nisiyaamini, kwa kuwa mbwa anayeuma waya huuma kwa meno ya mbele pia. Akasogeza shavu nyuma mpaka magego yakaonekana. Hapo palikuwa na ugaga wa rangi ya chai kwenye gego kubwa la juu, na ufizi umeanza kuwa mwekundu ukingoni. Kiswahili chetu kimebarikiwa maneno mawili hapa: ukoga, ule utando laini unaoweza kuukwangua kwa ukucha, na ugaga, ule uliogeuka jiwe. Ukoga hurudi ndani ya siku chache baada ya kusafishwa. Ugaga huchukua muda kujengeka, kwa hiyo mbwa mwenye ugaga mnene si mtoto. Lakini mbwa wa aina ndogo, wenye meno yaliyobanana, huweza kuwa nao wakiwa na miaka miwili, na mbwa aliyesafishwa meno jana anaweza kuonekana barobaro leo.

Alama moja huwapotosha wengi kuliko zote, nayo ni meno yenye mashimo na mabaka ya kahawia. Watu huyaona wakasema huyu mzee, meno yameoza. Mara nyingi si uzee. Kitoto cha mbwa kikiugua distempa, ule ugonjwa wa virusi unaoanza kwa makamasi na homa na kuishia kwenye degedege, wakati meno ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya taya, tabaka gumu la nje la jino hubaki na kasoro. Akipona, meno huota yakiwa tayari na makovu. Kwa hiyo baka la kahawia linaweza kuwa ni habari ya miezi minne ya mwanzo, iliyoandikwa kabla jino halijaona jua. Kwetu distempa si hadithi ya vitabuni. Mwaka 1994 virusi hivyo viliingia Serengeti na kuua takribani theluthi moja ya simba wa hifadhi, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka ndio waliodhaniwa kuwa chanzo. Mbwa mwenye meno ya mabaka huenda ni aliyenusurika kifo ambacho simba wengi hawakukiepuka, na malipo yake ni kuitwa kizee.

Mvi nazo zina maneno yake. Tuone alikuwa na chache kidevuni na juu ya midomo, na kila mgeni alizitaja kama ushahidi wa mwisho. Ni kweli mbwa wengi huanza kuota mvi mdomoni na kuzunguka macho wakiingia utu uzima, na ni kweli pia kwamba kwa mbwa mweusi huonekana upesi huku kwa mbwa wa rangi ya mchanga zikijificha miaka mingi. Lakini mwaka 2016 watafiti wa Marekani, Camille King akiwa na Temple Grandin, yule mtaalamu mashuhuri wa tabia za mifugo, walichapisha kazi iliyowachunguza mbwa 400 wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne, wote wa rangi ambayo mvi haziwezi kujificha. Waliokuwa na hofu na papara walielekea kuwa na mvi nyingi zaidi mdomoni, na hali kadhalika waliokuwa wakiogopa kelele kubwa, watu wasiowajua au wanyama wageni. Mvi za mapema, kwa hiyo, zinaweza kuwa habari ya roho kabla ya kuwa habari ya miaka. Niliposoma hivyo nilikwenda nje nikamtazama Tuone kidevu, halafu nikatazama zile chonge. Sikuhitimisha kitu, ila nilikaa naye kidogo.

Macho ndiyo shahidi ninayemheshimu zaidi, kwa sababu hayajali mbwa alitafuna nini. Lenzi ya jicho huongeza nyuzi mpya maisha yote na haitupi za zamani. Huzisukuma katikati na kuzibana. Zikibanana vya kutosha, kwenye miaka sita, saba au minane, mboni huanza kuwa na ukungu wa kibuluu, kama moshi wa kuni asubuhi ya baridi. Watu huuona wakapiga yowe kwamba mbwa ana mtoto wa jicho na atapofuka. Mara nyingi siyo. Mtoto wa jicho huzuia mwanga, ukungu wa uzee huupitisha. Mmulike kwa tochi hafifu gizani: ukiuona ule mng'ao wa kijani au njano ukirudi kutoka ndani, kama macho ya ng'ombe barabarani usiku, mwanga umepita, na mbwa wako anakuona vizuri kuliko unavyodhani. Daktari alimmulika Tuone. Mboni zilikuwa safi, labda na kivuli chembamba sana katikati cha kubishaniwa.

Mengine aliyapitia haraka. Viwiko vyenye sugu vilionyesha kwamba amelalia saruji. Kucha fupi zilionyesha kwamba ametembea kwenye changarawe, au amezunguka sana mahali pamoja. Chuchu zilikuwa zimelegea na kurefuka, kwa hiyo ameshazaa, pengine zaidi ya mara moja. Eksirei hakuipendekeza, nami namshukuru kwa kutonilipisha: eksirei hufaa kumtambua mbwa ambaye mifupa yake bado inakua, maana ncha za mifupa huwa na ufito wa gegedu unaoonekana kama ufa na kuziba kabla ya mwaka mmoja au mmoja na nusu kutegemea ukubwa wa mbwa. Baada ya kuziba, inachoweza kuonyesha ni yabisi ya viungo, na hiyo nayo ina mambo yake.

Akaandika kwenye kadi mpya: mtu mzima, miaka mitano, toa au ongeza miwili.

Babu alipopata habari hizi alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza. Njia yake ilikuwa ya mbuzi na jibu lake limeangukia ndani ya jibu la daktari. Sijawahi kumweleza kwamba ni bahati.

Sasa nirudi kwenye ile miwili ya kalamu ya bluu, kwa sababu nimekuja kugundua kwamba mbwa wengi mno wanaotafutiwa makao wana miaka miwili. Ni umri mtamu. Mbwa wa miwili ameacha kutafuna viatu na bado ana maisha mbele yake. Ukimwambia mtu mbwa ana minane, atauliza kama hakuna mwingine. Simlaumu aliyeandika. Huenda alikuwa na mbwa arobaini wanaobweka nyuma yake, anataka huyu mmoja aondoke akiwa hai. Lakini umri wa mbwa una tabia hiyo ya kufuata matakwa ya mwenye kuutaja, na mfano mkubwa kuliko wote ulitokea Ureno.

Februari 2023 Guinness World Records ilimtangaza Bobi, mbwa wa kijiji cha Conqueiros, wa aina ya rafeiro do Alentejo, kuwa mbwa mzee kuliko wote waliopata kuandikwa. Alisemekana kuzaliwa Mei 1992. Kabla yake rekodi ilishikwa na Bluey, mbwa wa kuswaga ng'ombe wa Australia aliyekufa 1939 akiwa na miaka 29 na miezi mitano. Bobi alikufa Oktoba 2023, ikahesabiwa kwamba amefikisha miaka 31 na siku 165. Hapo madaktari wa mifugo wakaanza kuguna. Rafeiro ni mbwa mkubwa, na wa aina yake kwa kawaida huishi miaka 12 hadi 14. Februari 2024 Guinness ikamvua rekodi ile. Ushahidi mkuu ulikuwa ni chip ya utambulisho iliyowekwa chini ya ngozi yake na kusajiliwa 2022, na wakati huo taratibu za Ureno hazikudai uthibitisho wa umri kwa mbwa waliozaliwa kabla ya 2008. Chip ya kisasa, namba ndefu, mtandao wa taifa, na ndani yake neno la mwenye mbwa. Haikuthibitishwa kwamba mtu alidanganya. Kilichokosekana ni kitu cha kuonyesha. Tofauti ya chip ile na kadi yangu ya kalamu ya bluu ilikuwa bei.

Wako wanaotumaini kwamba damu itasema. Juu ya DNA hubandikwa alama ndogo za kikemikali, na mpangilio wake hubadilika kadiri mnyama anavyozeeka. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilinganisha alama hizo kwa labrado 104 na kwa binadamu, wakapata kanuni iliyoizika ile hesabu ya kuzidisha umri wa mbwa kwa saba ili kupata wa binadamu: chukua logi asilia ya miaka ya mbwa, zidisha kwa 16, ongeza 31. Kwa kanuni hiyo mbwa wa mwaka mmoja ni mtu wa miaka 31, wa minne ni mtu wa 53, wa kumi na miwili ni mtu wa 71 hivi. Yaani mbwa hukimbilia utu uzima, kisha huzeeka kwa mwendo wa polepole. Hesabu inapendeza, ila ni ya labrado, na mbwa mkubwa huzeeka haraka kuliko mdogo. Ukimpima mbwa koko wa Moshi kwa rula hiyo umerudi kwa babu na mbuzi wake.

Swali ambalo daktari aliniuliza mimi, na ambalo sikuwa nimejiuliza, lilikuwa: unautakia nini huo umri?

Kama ni chanjo ya kichaa cha mbwa, hauhitajiki. Siku za chanjo vijijini bwana mifugo huweka meza yake chini ya mwembe, na watoto ndio huleta mbwa, mmoja kavutwa kwa kamba ya katani, mwingine kabebwa kifuani. Bwana mifugo akiuliza umri, mtoto hujibu "wa zamani" au "tulimpata mimi nikiwa darasa la pili". Hujazwa chochote kwenye fomu na sindano ikapigwa. Shirika la Afya Duniani linataka mbwa wote wachanjwe, hata vitoto vya chini ya miezi mitatu, kwa sababu kinachozuia ugonjwa ni kufikia angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, wala si usahihi wa kumbukumbu zao. Mbwa mzima asiye na historia huchanjwa kama ambaye hajawahi kuchanjwa. Basi.

Kama ni chakula, mtazame mbavu na kiuno. Kama ni kufungwa kizazi, kilichomhusu daktari ni kama figo na ini vitahimili dawa ya usingizi, na hayo huulizwa kwa kipimo cha damu. Mbwa wa miaka mitano mwenye figo mbovu ni hatari kuliko wa tisa mwenye figo nzima. Hapo ndipo lile "toa au ongeza miwili" lilipoacha kunikera. Nilikuwa nimeng'ang'ania namba kwa sababu moja ambayo sikuisema pale mezani: nilitaka kujua atakuwa nasi kwa muda gani, na hilo halikuwa kwenye meno wala kwenye mboni.

Tulichofanya ni kuanzisha kalenda yetu wenyewe. Siku ileile nilimpiga picha nne: meno ya mbele, chonge kwa ubavu, macho, uso mzima. Kila Machi narudia, mahali pamoja, karibu na dirisha la jikoni, saa nne asubuhi ili mwanga usibadilike. Picha za mwaka wa kwanza na wa pili hazina tofauti. Ya tatu ina ukungu, hafifu, kwenye jicho la kushoto kabla ya la kulia. Namsaidia daktari ajaye, nikidhani yule kijana atakuwa amehamia mji mkubwa, maana huyo mpya ataweza kulinganisha mbwa huyu na mbwa huyu mwenyewe badala ya kumlinganisha na ratiba ya ukutani. Mgongo wa chonge haujaendelea kulika hata kidogo. Nimeukagua kila mwaka kwa kidole.

Mwanangu alipinga sana sehemu ya tarehe ya kuzaliwa kubaki wazi kwenye kadi. Alisema hata babu, ambaye kwao waliandika tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa, kitambulisho chake kina tarehe. Ikabidi tumpe tarehe 9 Machi, siku aliyofika, na mwaka tukauandika kwa penseli.

Siku hiyo ya kumchukua, kabla ya kwenda, nilikuwa nimepitia dukani nikanunua bakuli mbili, kola na mnyororo wa mita tatu. Bakuli moja imepasuka. Mnyororo unafunga geti.